Risasi gani ya kulinda nyumba?

SWALI: Anko, niko Houston, nina bastola ya milimita 9, kihalali kabisa. Dukani wananiambia ni ndogo, nichukue .45, yenye risasi nene zaidi. Niwasikilize?

JIBU: Achana nao bana. FBI wenyewe, wale wapelelezi wa serikali ya Marekani, baada ya yale mapigano yao ya risasi na majambazi kule Miami 1986 walihamia risasi kubwa alafu baadaye wakarudi zao kwa milimita 9. Wewe chukua zenye tundu kichwani, zile zinachanua zikiingia, kipimo cha FBI ni zizame inchi 12 hadi 18 kwenye jeli ya majaribio inayoigiza nyama ya mwili, maana za kawaida zinatoboa zinapita zikampate jirani huko ukuta wa pili. Ghali ndio, ila piga boksi zima reinji, kule uwanja wa kulenga shabaha, kwanza uone kama bastola haikwami nazo. Ukihamia New Jersey uliza sheria, kule hizo za tundu ni ishu.