Mafuta kwenye ini: mimi juisi ya machungwa iliniongeza kilo 2

Mkuu uliyeuliza kama maji ya limau na juisi ya machungwa vinaondoa mafuta kwenye ini, njia hiyo nimeshaipita, ngoja nikusimulie.

Mwaka juzi nilipigwa utrasaundi hapa Dodoma, nikaambiwa ini lina mafuta. Pombe situmii. Nilikuwa na kilo 94, kazi ya kukaa ofisini Mtumba kutwa nzima, mchana chipsi mayai na soda. Nikasoma mtandaoni kwamba machungwa yana flavonoidi, yaani kemikali za asili za mimea, zinazosafisha ini. Basi kila jioni napitia soko la Majengo, nabeba machungwa ya Muheza, nakamua bilauli mbili, nachuja mpaka inang'aa, halafu (msinicheke) naongeza sukari. Baada ya miezi mitatu mzani ukasoma 96.

Daktari akaniuliza tu: "Ungekaa chini ukala machungwa manane kila jioni?" Makapi yote nilikuwa naacha kwenye chujio, nabaki na sukari. Na sukari ya matunda, fruktosi, ikimiminika kwa wingi, ini huigeuza mafuta yale yale unayoyakimbia.

Flavonoidi zenyewe si porojo. Mojawapo, naringenini ya kwenye balungi, ilijaribiwa Kanada kwa panya waliolishwa mafuta mengi, matokeo yakatoka 2009: ini lao lilichoma mafuta zaidi na halikujaa kama la wenzao ambao hawakupewa naringenini. Lakini panya ni panya. Kwa watu, hesperidini, flavonoidi ya machungwa, imejaribiwa kwa vidonge vya gramu 1 kwa siku, tena pamoja na kurekebisha chakula na mazoezi. Kuipata gramu hiyo kwenye juisi ungekunywa lita na zaidi kila siku, na sukari yake yote.

Halafu angalia tunavyokula chungwa mtaani. Muuzaji analimenya ganda la nje, anakata kikofia juu, unafyonza, unatupa. Pale kwenye nyama nyeupe na vile vitando ndipo hesperidini imejaa, na ndicho tunachowatupia mbuzi! Siku hizi nakula moja, na weupe wake. Lina uchungu kidogo, unazoea.

Ila sitakudanganya kwamba chungwa ndilo lililonisaidia. Niliacha soda, chipsi nikazipa Jumamosi peke yake, usiku ugali kidogo na mlenda mwingi, na jioni natembea kwa miguu kutoka Kikuyu hadi Nyerere Square na kurudi. Daktari alitaka nipunguze asilimia 7 hadi 10 ya uzito. Ilinichukua miezi kumi kufika kilo 88, na utrasaundi ya pili ikaonyesha mafuta yamepungua sana.

Kingine mkuu, umesema unameza dawa ya presha lakini hukuitaja. Kama ni nifedipini, balungi liache kabisa, maana linazuia dawa isivunjwe mwilini na presha inaweza kushuka kupita kiasi. Soma jina kwenye pakiti, umuulize mfamasia wako leo hii.