Kizazi cha pembe mbili na saratani ya mama: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada, pole kwa msiba wa mama, na pole kwa usiku ambao najua hulali. Swali lako karibu lote lilikuwa langu miaka sita iliyopita.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi: dada ana miaka 31, hajazaa, na ultrasaundi imeonyesha kizazi chake kina pembe mbili. Mama yake alifariki akiwa na miaka 49 kwa saratani ya utando wa ndani wa kizazi. Mjomba wake, mdogo wa mama, aliondoka kwa saratani ya utumbo mpana. Anauliza kama hizo pembe mbili ndizo zitakazomletea ugonjwa wa mama, na kama akitoe kizazi mapema.

Mimi si daktari. Ni mtoto wa mwanamke aliyeugua saratani hiyohiyo, na jeni yake ninayo mwilini. Nikujibu moja kwa moja: umbo la kizazi chako na saratani ya mama ni mambo mawili. La kwanza lisikunyime usingizi. La pili ndilo la kushughulikia, na usipoteze muda.

Tuanze na umbo. Kila mtoto tumboni, wa kike na wa kiume, huanza na mirija miwili midogo iliyolala sambamba. Inaitwa mirija ya Müller, kwa jina la Mjerumani aliyeieleza mwaka 1830. Kwa mtoto wa kiume korodani hutoa homoni inayoifuta. Kwa wa kike inabaki, inateremka, inakutana katikati na kuungana, kisha ukuta uliopo kati yao unayeyuka na kuacha chumba kimoja. Jeni ndizo zinazoongoza kazi hii, na kuna kundi la HOXA lililogawana maeneo: HOXA9 huku juu kwenye mirija ya uzazi, HOXA10 kwenye mwili wa kizazi, HOXA11 sehemu ya chini na mlango wake, HOXA13 sehemu ya juu ya uke. Kuungana kukiishia njiani, unazaliwa na kizazi kama chako. Wanawake wengi wa namna hiyo wanazaa, ila wanahitaji kliniki inayojua mapema, maana mtoto anaweza kukaa vibaya au kuja kabla ya siku zake.

Mara nyingi hata wakipima hawapati jeni ya kulaumiwa. Ila jiangalie vidole gumba vya mikono na vya miguu: vikiwa vifupi kuliko kawaida, na kwenu wapo wengine hivyo, mwambie daktari, maana kasoro ya HOXA13 hugusa viganja, nyayo na kizazi kwa pamoja. Na kama bado hawajakupima figo, omba wapime. Figo na kizazi hujengwa jirani, na kuna jeni inaitwa HNF1B ambayo ikiharibika huleta uvimbe wa maji kwenye figo, kisukari cha ujanani na wakati mwingine kizazi kisichoungana. Hiyo HNF1B inatajwa pia kwenye utafiti wa saratani ya kizazi, na huenda ndiko hofu yako ilikotokea. Lakini huko wanazungumzia tofauti ndogondogo ambazo watu wengi tunazo, zinazosogeza hatari kidogo sana. Haiwezi kueleza familia ambayo mama na mjomba wameugua wakiwa bado na nguvu zao.

Kinachoweza kueleza familia hiyo ni kitu kingine, na ndicho kilichotupata sisi.

Mama yangu alikuwa na miaka 53, hedhi imekatika miaka mitatu. Siku moja nimekwenda kumsalimia Tanga nikaona kwenye kamba, nyuma ya nyumba, vipande vya khanga kuukuu vimeanikwa na kufunikwa khanga nyingine juu. Nikamuuliza. Akacheka: "Mwanangu, ujana umerudi." Zilikuwa siku za damu kidogo, zinakuja na kuondoka, na alikuwa ameshazoea. Miezi minane. Alikuwa amekwenda zahanati mara mbili, wakamfanyia kipimo cha mlango wa kizazi, wakamwambia ni safi. Na kweli mlango ulikuwa safi. Kile kipimo hakitafuti ugonjwa wa ndani kule juu, na hakuna aliyemwambia. Nikiwa na sauti ya kusikika nchi nzima ningesema hili tu: mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, aangaliwe unene wa utando kwa ultrasaundi na akatwe kinyama kipimwe. Wengi wataambiwa si saratani, na washukuru. Lakini waambiwe na kipimo, si na jirani.

Mama alifanyiwa upasuaji, tukaishi naye miaka miwili.

Wakati wa arobaini, wazee wakikumbushana marehemu, ndipo nikasikia kwa masikio mengine mambo niliyokua nayo. Mjomba alikufa na miaka 44, tumbo limeziba. Palisemwa karogwa sababu ya shamba. Babu, baba yao mama, alikufa kwa "tumbo" kabla sijazaliwa. Mama mdogo alikuwa ametolewa kizazi Mombasa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Niliyaandika yote kwenye karatasi nikampelekea daktari wa saratani. Akanieleza habari ya Marekani. Mwaka 1895 fundi cherehani mmoja alimwambia daktari Aldred Warthin, huko Michigan, kwamba atakufa kwa saratani ya kizazi au ya tumbo, kwa kuwa ndivyo watu wa kwao wanavyokufa. Alikuwa mzima. Baadaye saratani ya kizazi ilimuua kweli. Warthin akaichapisha habari ya familia ile mwaka 1913, na miaka mingi mbele daktari Henry Lynch akaifuatilia pamoja na nyingine za aina hiyo. Ndiyo maana hali hii inaitwa Lynch. Ile familia ilikuja kuonekana ina kasoro kwenye jeni ya MSH2. Na sisi yetu ni MSH2.

Nitakueleza nilivyoelewa mimi niliyesoma chuoni kwa ubao na wino. Mwanafunzi ananakili, mwalimu anapita nyuma yake anasahihisha. Seli ikigawanyika inanakili maandishi yake yote, na inakosea. MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 ndio walimu wanaopita nyuma. Kila jeni tunayo nakala mbili, ya baba na ya mama. Ukizaliwa na nakala moja mbovu, ile nzima inatosha kazi. Siku seli moja ikipoteza na ile nzima, makosa yanarundikana bila wa kuyafuta. Kwa mwenye MSH2 mbovu, hatari ya saratani ya kizazi kabla ya miaka 75 inakaribia nusu kwa nusu, wakati kwa wanawake wa kawaida kwenye nchi zinazotunza takwimu hizo ni kama 2 au 3 kwa 100. Na utumbo mpana uko hatarini pia, kwa wanaume na wanawake.

Hapo kwa mwanaume ndipo familia zetu zinapokosea. Tunadhani saratani ya kizazi inatoka kwa mama kwenda kwa binti. Mama yangu aliipata kwa babu. Kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi 50 kwa 100 ya kuirithi. Kaka yangu anayo, dada yetu mkubwa hana, na watoto wake hawawezi kuipata kupitia kwake.

Sasa wewe. Usitoe kizazi kwa hofu. Saratani nyingi za utando wa kizazi hazirithiwi kabisa. Uzito mkubwa na homoni ya estrojeni isiyo na wa kuisawazisha ndiyo sababu kubwa, na wenye Lynch ni kama 3 kwa 100. Huna haja ya kuanzia na damu yako. Anza na mama. Hospitali iliyompasua huhifadhi kipande cha uvimbe ndani ya kibonge cha nta, wenyewe wanakiita kitalu. Omba kipakwe rangi ya kutafuta protini za zile jeni nne, yaani waone kama kila mwalimu yupo. Cha mama yangu kilikaa kabatini miaka miwili, na waliposhamaliza daktari alinisogeza kwenye hadubini. Seli zake zisizo na ugonjwa zilikuwa na viini vya kahawia, mwalimu yupo. Katikati yake palikuwa na uvimbe, viini vyote bluu, mwalimu hayupo. Nililia pale pale kwenye kiti.

Ikiwa MSH2 na MSH6 zimepotea, au nyingine, ndipo damu yako ipimwe jeni. Yangu ilipelekwa India, tulichangishana ndugu. Ikipotea MLH1 usishtuke haraka, mara nyingi jeni hiyo huzimwa uzeeni bila kurithiwa, na kuna kipimo cha kutenganisha. Ukikutwa nayo, bado una muda wa kuzaa. Kwa MSH2 upasuaji wa kuzuia, kizazi pamoja na ovari, hushauriwa karibu na miaka 40 ukishamaliza uzazi. Mimi nilifanya nikiwa na 41, baada ya watoto watatu. Utumbo unaangaliwa kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, na kaka yangu ameshatolewa vinyama viwili kabla havijageuka.

Kesho nenda na cheti cha kifo na kadi ya upasuaji ya mama, uulize maabara ya patholojia, si mapokezi. Omba namba ya kitalu. Wakikwambia kimetupwa, usikate tamaa, uliza cha mjomba. Ukishaipata namba rudi hapa uniandikie, nitakuelekeza maneno ya kuandika kwenye fomu.