Saa za baa sawa, lakini nani anapulizisha?

Mmeuliza wiki hii kama sheria za kubana pombe zinapunguza vifo vya ajali za walevi. Mimi nimekuwa weita miaka mingi kwa baa moja ya Thika Road, so naongea nilichoona na macho yangu. Zinapunguza, lakini si ile sheria watu hupenda kusifu.

Ile sheria ya pombe ya 2010, tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku siku za kazi, kila mtu alidhani ndio dawa. Kwetu ikifika saa nne na nusu mteja anaitisha bia tatu kwa mpigo, anazipanga mezani, anazimaliza haraka haraka juu anajua tunazima taa, halafu wote wanatoka pamoja, paking nzima inapiga rivasi wakati mmoja na soja wa geti anaruka huku na huku. Yaani tulikuwa tunawamwaga barabarani wakati watu wa shifti bado wanavuka kwa miguu, na hapa Kenya wanaokufa zaidi barabarani ni hao wa miguu.

Alcoblow, ile mashine ya polisi unapuliza ipime pombe, ilipoingia Desemba 2013 ndio nikaona watu wameogopa kikweli. Mtu hajakaa vizuri ashauliza polisi "leo wako wapi?", grupu za WhatsApp zinawaka, na wengine wakaanza kuacha gari. Tulikuwa na droo ya funguo hapo kaunta, Jumamosi asubuhi wanazikujia mmoja mmoja hata hawakuangalii usoni. Kijana mmoja wa steji akajipatia kazi ya kurudisha walevi nyumbani na magari yao, alilipwa poa kuniliko. Kanuni za wakati huo zilisema mwisho ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu lakini hakuna mteja alijua hiyo hesabu, walijua tu ukipuliza vibaya unalala ndani.

Halafu 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema zile kanuni za kupuliza zinagongana na Sheria ya Trafiki yenyewe, karao, yaani polisi, wakaweka mashine kando. Sisi tuliendelea kufunga saa ile ile, sheria ya Mututho ni ile ile, lakini droo ikabaki na opena na risiti za zamani.

Najua kuna wenye watasema Afrika Kusini walipiga marufuku kuuza pombe 2020 na wodi za majeruhi zikatulia. Sawa, lakini watu pia walifungiwa nyumbani, utajuaje ni gani ilifanya kazi. Na ushuru msiniambie, bia ikipanda bei wateja wangu wanahamia mzinga, ile chupa ya pombe kali.

Soja wetu bado yuko pale getini. Huyo anajua nani amelewa kabla hata hajafika kwa gari, na mtu akishindwa kupata tundu la ufunguo, yeye ndio humshikia tochi.