Rili inatoa bonge la uzi kila nikitupa: nibadilishe uzi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimekua nikivua kwa mshipi wa mkono hapa Tanga, na mwaka huu nimejinunulia fimbo na rili, ile mashine ya kukunjia uzi, ya kutupia kutoka ufukweni. Niliijaza uzi wa kusuka mita 300 mpaka ukingoni. Siku za mwanzo ilitupa vizuri. Kisha nikanasa kolekole mkubwa, breki inayoachia uzi samaki akivuta ikalia, nami nikazungusha mkono wa rili kwa nguvu zote hadi akakata uzi. Tangu siku hiyo, kila nikitupa mara nne au tano uzi unatoka bonge zima na kukwama kwenye pete za fimbo. Muuzaji ananiambia ninunue uzi mwingine wa bei kubwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Fedha yako iache mfukoni kwanza. Umeyataja makosa mawili bila kujua, na hakuna hata moja linalotokana na bei ya uzi.

Tuanze na kolekole. Kwenye rili ya namna yako, unapokunja uzi, spuli, yaani kile kikombe kinachobeba uzi, haizunguki. Upinde wa waya ndio unaoizunguka na kuulaza uzi juu yake. Sasa samaki akivuta, breki ikawa inatoa uzi, nawe unazungusha mkono, uzi hauingii hata shibiri moja. Unachoingiza ni msokoto mtupu. Rili nyingi za kutupia ufukweni hugeuza upinde mara tano hivi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono, kwa hiyo ukizungusha mara 40 kwa hasira umeusokota uzi mara 200 hivi. Uzi wa namna hiyo ukilegea kidogo tu hujikunja wenyewe, kama kamba ya ndoo ya kisimani. Breki ikilia, mkono utulie. Kwa mshipi wa mkono hili ulilijua tangu utotoni: samaki akichukua unampa, akichoka unavuta. Akisimama, inua fimbo taratibu, kisha kunja uzi huku ukiishusha.

Kuutoa msokoto ulioingia ni rahisi ukipata chombo. Kata ndoana, chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia, na kila kitu, uache uzi mtupu uburuzwe nyuma ya ngalawa au mashua inayokwenda polepole. Toa mita 100 au zaidi kwa dakika tano hivi, maji yausokotoe, kisha ukunje ukiwa umeubana kwa vidole viwili. Huna chombo, uburuze kwenye uwanja wa mpira wenye nyasi. Hausaidii kama bahari, lakini unasaidia.

Kosa la pili ni kujaza hadi ukingoni. Uzi wa kusuka ni mwembamba na unateleza; spuli ikifurika, pindi za juu huporomoka pamoja. Punguza mpaka ubaki milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Na kama uliufunga moja kwa moja juu ya chuma bila mizunguko kadhaa ya nailoni chini yake, siku moja uzi wote utazunguka spuli na utadhani breki imekufa.

Lakini jambo ambalo wateja wangu wengi hawaliamini ni hili: bonge linalotoka sasa ulilitengeneza ulipokuwa unakunja uzi wa mtupo uliopita. Pindi moja iliyolala legelege inafunikwa na pindi nyingine. Ukitupa, uzi unaotoka kwa kasi unaikumba na kuichomoa pamoja na wenzake. Huku kwetu kusi ndiyo inayofanya kazi hiyo. Inapuliza ubavuni, uzi unapinda hewani, chambo kinatua, nawe unaanza kukunja uzi uliolegea. Chubwi ikigusa maji tu, funga upinde kwa mkono, usingoje ujifunge kwa kuzungusha. Vuta uzi kwa vidole mpaka usikie uzito wa chubwi, ndipo ukunje. Zoea jambo hili moja na mabonge mengi yatakwisha.

Bonge likishatoka, usivute. Ukivuta unakaza, na uzi wa kusuka unakata kidole kama wembe. Ncha ya uzi iko kwenye ndoana, haijapita popote, kwa hiyo mara nyingi hapo hakuna fundo la kweli, ni vitanzi vilivyopitana. Legeza breki, lipanue bonge kwa vidole liwe kubwa na jepesi, tafuta kitanzi kinachotoka chini ya vingine, ukivute kwa njiti ya meno au sindano butu. Dakika kumi zikipita bila mafanikio, kata. Mimi nimewahi kung'ang'ania saa nzima kwa ajili ya mita 12, maji yakatoka, samaki wakaenda zao. Kipande ulichokata rudi nacho nyumbani. Mwambani kitanasa kasa au ndege.

Ukishafanya yote haya na bado unatatana, tazama kile kigurudumu kidogo kwenye upinde ambako uzi unapita. Kikiganda kwa chumvi hakizunguki, uzi unaburuzwa juu yake na kusokotwa. Kisafishe kwa maji yasiyo na chumvi, kikauke, tia tone la mafuta ya cherehani. Kikikataa kuzunguka kabisa, hapo ndipo fedha ya uzi uinunulie beringi.