Alikwenda Jikoni Kuniongezea Chai

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Pasua hapa Moshi. Desemba 2019 nilikuwa katibu wa kikoba chetu, na mwenzangu, nitamwita Mama N., alikuwa mweka hazina. Usiku wa kuamkia siku ya mgao tulihesabu fedha nyumbani kwake, sisi wawili tu. Alipokwenda jikoni kuniongezea chai nikatoa shilingi 1,800,000 kwenye bahasha. Kesho yake fedha zilipopungua, wote walimtazama yeye, na mimi nikamtazama pia. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa akalipa. Akaacha kwaya. Siku hizi anauza ndizi soko la Mbuyuni, na wapo wanaomwita Mama Bahasha hadi leo.*

*Mwaka jana niliokoka kwenye mkutano wa injili. Nililia, nikatubu, mtumishi akaniwekea mikono akasema damu ya Yesu imefuta yote, nisitazame nyuma. Nimetoa mifuko 20 ya saruji kwenye ujenzi wa kanisa letu. Lakini Meza ya Bwana siiendei tena, nasingizia tumbo. Je, Mungu akishasamehe, ni lazima binadamu ajue? Mika 7:19 si inasema dhambi zimetupwa vilindini? Nikisema nitavunja ndoa yangu na jina langu. Wakati mwingine naona afadhali nife na siri hii.*

*Mwenye Mzigo, Pasua*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na sentensi yako ya mwisho, maana niliirudia mara tatu. Kama ni msemo tu, kama tunavyosema "nakufa njaa" huku ugali uko jikoni, basi tuendelee. Kama kweli kuna usiku unawaza kufa, acha kusoma hapa. Mwamshe mtu mmoja unayemwamini, umwambie hivyo hivyo ulivyoniandikia, na asubuhi akusindikize hospitali. Habari ya bahasha inaweza kusubiri wiki. Hiyo haisubiri.

Umeandika mistari michache, lakini chai hukuisahau. Ungeweza kusema "alipotoka kidogo" na ningekuelewa. Miaka yote hii bado unasikia sufuria ikiguswa jikoni kwa mwenzio aliyekuwa anakukirimu. Wapo watakaokuambia ni shetani anakukumbusha ya kale. Mimi sidhani. Daudi aliijua hali hiyo: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa, kwa kuugua kwangu mchana kutwa." Zaburi ya 32. Hasemi alipotenda. Anasema aliponyamaza.

Sasa swali lako. Je, Mungu amekusamehe? Ndiyo. Na sitaki upoteze hata robo ya neno hilo kwa sababu ya haya nitakayosema mbele. "Mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Sisi Walutheri tulipaswa kulijua hili hata usingizini, ugomvi wa Martin Luther wa mwaka 1517 ulianzia hapo hapo, kwenye vyeti vya msamaha vilivyokuwa vikiuzwa kwa fedha. Ndiyo maana ile mifuko 20 ya saruji ilinihuzunisha karibu kama wizi wenyewe. Ulikuwa unalipa deni, ila ukampelekea asiyekudai. Kanisa limepata ukuta, Mungu awabariki mafundi, lakini Mama N. bado hana ng'ombe.

Mtumishi aliyekuombea naye hakudanganya. Ninachojiuliza ni alisikia nini. Kwenye mikutano ile watu hutubu kwa jumla: "Bwana, nisamehe makosa yangu yote." Hiyo ni sentensi nyepesi mno. Hata mimi kila Jumapili naungama pamoja na usharika mzima huku nawaza kama nimezima jiko. Nakisia hukumwambia: niliiba 1,800,000 nikamwacha mwenzangu aitwe mwizi. Angelisikia hilo, nadhani asingekuambia usitazame nyuma.

Mika umemsoma vizuri. Dhambi imetupwa vilindini. Ng'ombe hakutupwa vilindini. Aliuzwa, akaondoka, na kuanzia siku hiyo nyumba ile haikuwa na maziwa ya kuuza wala samadi ya migomba. Hilo halikuzama baharini, liko Mbuyuni linapanga ndizi mafungu mafungu.

Unamkumbuka Zakayo juu ya mkuyu. Tukimhubiri huwa tunakimbilia "mara nne", kile kiasi alichoahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Lakini angalia ni nani aliyeanza kusema. Yesu alitangulia: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Wakati huo mtoza ushuru hajarudisha hata senti moja, wala hajaulizwa. Habari ya fedha ilikuja baadaye, na aliyeitaja ni Zakayo mwenyewe. Mtu aliyekuwa ameshikilia kila kitu akafungua mkono, kwa sababu mgeni alikwisha kuingia.

Kwa hiyo usiende kwa Mama N. ili Mungu akusamehe. Nenda kwa sababu amekusamehe. Unaweza kuona ni mchezo wa maneno, mpaka siku utakapokaa mbele yake. Anayekwenda kununua msamaha hupima. Hupunguza kidogo, hujitetea kidogo: ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa, mume alikuwa hana kazi, nilipitiwa. Aliyekwisha kusamehewa hana biashara ya kufanya pale. Anaweza kusema yote.

Tuje kwenye hesabu. Torati, Hesabu 5:7, inataka mkosaji arudishe kamili na kuongeza sehemu ya tano. Kwako ni 360,000 juu ya 1,800,000, jumla 2,160,000. Kwa kipimo cha Zakayo ni 7,200,000. Na Kutoka 22 inasema aliyeiba ng'ombe akamwuza alipe ng'ombe watano, hapo tusifike, ingawa Mama N. asingekataa. Sikuwekei hesabu hizi kama sheria ya wokovu. Nakuonyesha tu kwamba waliozipokea walikuwa wafugaji, na walijua kwamba mali ikiwa mikononi mwa mwenyewe huzaa. Ng'ombe yule wa 2019 sasa angekuwa na ndama, na ndama wake naye angekuwa anakamuliwa. Usirudishe 1,800,000 ukadhani mmelingana. Kama huna zote, peleka ulizonazo, andika kwenye karatasi utamaliza lini, utie sahihi.

Lakini fedha ndiyo sehemu rahisi. Ulichukua vitu viwili, na cha pili hakikuwamo kwenye bahasha. Jina lake liliangushwa mbele ya kikoba kizima, na wewe ukiwa umekaa pale pale. Haliwezi kuokotwa sebuleni kwa kunong'ona. Wale waliokuwepo siku ile ya mgao wanapaswa kusikia kwa kinywa chako kwamba Mama N. hakuiba. Ukirudisha fedha kimya kimya utakuwa umemtoa kwenye umaskini ukamwacha kwenye wizi, na ukimtumia kwa simu bila jina, hata hiyo itamtia mashakani zaidi. Watu watasema dhamiri imemsuta, amezifukua alikozificha.

Najua unawaza watakavyokutazama. Niseme jambo ambalo huenda litawaudhi wazee fulani wa kanisa. Kwenye sharika zetu binti akipata mimba kabla ya ndoa tunamsimamisha mbele arudi kundini, watoto wakimkodolea macho. Aliyekula fedha za akina mama anakaa kiti cha mbele na sare ya kitenge. Sijawahi kuelewa.

Bibi yangu mzaa baba aliokoka katika Uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Afrika Mashariki hadi huku mlimani Kilimanjaro. Ndugu wa Uamsho hawakukuacha ukae na toba yako moyoni. Walikuuliza, "Umekwenda kutengeneza?" Bibi alikuwa amesogeza masale, mimea ile ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kama hatua mbili hivi, wakati jirani yake ni mgonjwa. Aliyang'oa mwenyewe kwa mikono, mchana kweupe, watu wakipita njiani kwenda sokoni, akayapanda tena yalipokuwa. Baba yangu alikuwa mtoto, aliona aibu akajificha migombani. Bibi aliendelea kushindilia udongo kwa kisigino.

Na kwa kuwa nimetaja masale: wewe ni wa huku, unajua kwamba mtu akikujia na jani la isale kuomba radhi, hukatai. Mila inakubana. Ni desturi nzuri, imezima magomvi mengi ya ndugu. Safari hii usilibebe. Wala usibebe neno la Yesu la kusamehe "saba mara sabini", maana maneno hayo mdomoni mwa mkosaji ni isale la kwenye Biblia. Mama N. alishalazimishwa mara moja, akauza ng'ombe. Mwache awe na uhuru wa kukukatalia. Anaweza kukufukuza. Anaweza kunyamaza miaka miwili. Msamaha wa Mungu unao tayari. Wake ni mali yake, na mali yake ulishaichukua siku moja bila ruhusa.

Usiende kulia. Ukilia sana, yeye ndiye atakayeinuka kukubembeleza, na kwa jinsi ulivyomweleza, atarudi jikoni tena kukuchemshia. Sema kwa maneno machache: "Mama N., fedha za bahasha nilichukua mimi, ulipokwenda jikoni. Nikanyamaza ukauza ng'ombe." Kisha unyamaze wewe. Akiuliza, jibu alichouliza. Akitulia, mwombe achague mwenyewe siku ya wewe kuwaambia wanakikoba, na kama anataka awepo. Nenda na mama mmoja wa usharika mwenye kifua, akae pembeni.

Wizi ni kosa la jinai pia. Wakitaka kwenda polisi ni haki yao, na usiwasihi wasiende kwa jina la Yesu.

Kuna jambo naliogopa kwa niaba yako. Yuda naye alirudisha, vipande vyote 30 vya fedha, na akaungama waziwazi: "Nalikosa nilipoisaliti damu isiyo na hatia." Wakuu wa makuhani wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi?" Alikuwa amekwenda kwa watu wasioweza kumpa kitu, akatoka pale peke yake, akajinyonga. Petro alimkana Bwana mara tatu na hakuwa na cha kurudisha. Alibaki tu na wenzake, mpaka asubuhi ile ziwani alipomkuta Yesu aliyefufuka, na moto wa makaa na samaki juu yake. Inawezekana wanakikoba watakujibu kama wale makuhani. Panga mapema ni nani atakayekuwa nawe jioni hiyo, na awe mtu anayejua kila kitu.

Meza ya Bwana umeiogopa, na woga huo naupenda kuliko mwendo wa wanaoiendea kama foleni ya benki. Mathayo 5:24 inasema uiache sadaka yako, uende upatane na ndugu yako, "kisha urudi uitoe sadaka yako." Watu wanashika neno la kwenda wanasahau kwamba kuna kurudi. Mwone mchungaji wako, omba kuungama faraghani, kwa kutaja kitu chenyewe na kiasi chenyewe. Kuungama kwa namna hiyo bado kupo kwetu, ni vile tu hatukutumii. Ukishamwambia Mama N. ukweli, usingoje yeye akusamehe ndipo urudi mezani. Ile meza si yake wala si yako.

Mumeo. Hukusema fedha zilikwenda wapi. Kama ziliingia nyumbani, basi naye alizila bila kujua. Ndoa inaweza kutikisika, siwezi kukuficha, ila akisikia habari hii dukani kwa watu itatikisika vibaya zaidi. Aambiwe kabla ya Mama N.

Usingoje Desemba. Mwezi huo kila mtu amerudi kwao mlimani, nyumba zimejaa wageni na wajukuu, na Mama N. hatapata hata nafasi ya kukasirika vizuri. Jumamosi nayo achana nayo, atakuwa sokoni hadi giza. Chagua Jumanne au Jumatano jioni, akisharudi na kupumzika. Mumeo mwambie leo, watoto wakishalala.