Maswali ya Wasomaji: Astronomia kwa Shule Zilizo Ikweta

Maswali ya safari hii yametoka Kisumu, Kakamega, Nakuru, Siaya na Bungoma, na mengi yana kilio kimoja: kitabu kinasema hivi, uwanjani tunaona vingine. Mara nyingi kitabu hakijakosea. Kimeandikwa kwa msomaji anayeishi mbali na ikweta, na mwalimu wa hapa hana budi kukipima upya kwa anga lake mwenyewe.

*Siku ya ikwinoksi ya Machi, jua linapokuwa juu ya ikweta, tulisimika kijiti cha mita moja tukitarajia kivuli kitoweke saa sita kamili mchana. Tulipata kivuli cha karibu sm 20. Tulikosea wapi?* (Mwalimu wa Jiografia, Kisumu)

Hamkukosea. Kipimo chenu ni sahihi; saa ya ukutani ndiyo isiyolingana na jua. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita Somalia. Kisumu iko karibu nyuzi 34.75. Dunia hujizungusha nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo jua hufika kilele Kisumu dakika 41 hivi baada ya saa sita. Tena jua lenyewe huwahi au huchelewa kwa majira, kwa sababu njia ya dunia si duara kamili na mhimili wake umeinama. Katikati ya Februari kilele huja kama saa sita na dakika 55. Mwanzoni mwa Novemba, kama saa sita na dakika 25. Siku mliyopima ilikuwa saa sita na dakika 48. Mngesubiri hadi hapo, kivuli kingebaki chini ya sm 1.

Mkirudia, simamisheni kijiti kwa timazi na sakafu muikague kwa pima maji. Kijiti kikiinama nyuzi moja tu, ncha ya kivuli husogea mm 17. Ncha hiyo pia huwa na ukungu wa karibu sm 1, kwa kuwa jua si nukta, lina upana wa nusu nyuzi. Dawa yake ni kubandika waasha yenye tundu la mm 5 juu ya kijiti, iwe imelala. Katikati ya kivuli chake patatokea doa la mwanga, na kitovu cha doa hilo ndicho mnachotia alama.

Msikimbizane na kivuli kifupi kuliko vyote. Choreni duara la nusu kipenyo sm 30 kuzunguka kijiti. Andikeni saa doa linapoingia ndani ya duara kabla ya kilele na saa linapotoka baadaye. Katikati ya saa hizo mbili ndipo kilele, na mstari unaounganisha alama mbili ni mashariki–magharibi. Mwezi Machi doa husogea karibu mm 5 kwa dakika, hivyo hata mwanafunzi wa nyuma ataliona likitembea. Juni na Desemba duara liwe la sm 60, maana kivuli cha kilele hakipungui chini ya sm 43: Juni huelekea kusini, Desemba kaskazini.

Mkipata shule rafiki Nakuru, fanyeni kazi hii siku moja. Kilele chao kitatangulia chenu kwa dakika 5 hivi. Zidisheni tofauti hiyo kwa nyuzi 15, gawanyeni kwa dakika 60, na mmepata tofauti ya longitudo kwa mikono yenu. Hesabu za longitudo na latitudo hazipati mfano bora kuliko huo.

*Kitabu kinatuambia tutafute Nyota ya Kaskazini. Tumetafuta wiki nzima bila kuiona. Je, ni mawingu?* (Mwanafunzi, Kakamega)

Hata mawingu yakiondoka hamtaiona. Nyota hiyo hukaa juu ya upeo kwa nyuzi zinazokaribia latitudo ya mtazamaji, na Kakamega ni robo tu ya nyuzi kaskazini ya ikweta. Iko palepale kwenye upeo, nyuma ya miti na vilima, na mwanga wake hupita katika hewa nene mara karibu 40 kuliko mwanga wa nyota iliyo utosini. Achaneni nayo.

Mna kitu ambacho watu wa Ulaya hawana. Wiki ya mwisho ya Mei, saa tatu usiku, geukeni kusini: Msalaba wa Kusini umesimama wima, ngumi tatu juu ya upeo (ngumi moja kwenye mkono ulionyooshwa ni takriban nyuzi 10). Vuteni mstari wake mrefu kwenda chini mara nne na nusu, nao utagusa upeo kwenye kusini halisi. Kisha geukeni kaskazini bila kuondoka mlipo. Nyota saba za Dipa Kubwa, lile umbo la upawa, ziko juu wakati huohuo, upawa umepinduka, mdomo chini. Nyota mbili za ukingo wake, mstari wake ukivutwa mara tano, huelekeza kwenye upeo wa kaskazini. Mwanzoni mwa Februari, saa tatu usiku, zile nyota tatu zilizopangana katika kundi la nyota la Orion ziko karibu utosini. Huchomoza mashariki kabisa na kutua magharibi kabisa, mwaka mzima.

Kuhusu mawingu: pwani ya ziwa mvua hupenda kunyesha alasiri na jioni. Wanafunzi wa bweni wanaoamka kwa prepu ya alfajiri wana nafasi nzuri zaidi saa kumi na moja kuliko saa mbili usiku. Mwalimu wa zamu aombwe kuzima taa za upande mmoja wa uwanja kwa dakika 20, maana macho huhitaji muda huo kuzoea giza, na tochi moja nyeupe huharibu yote. Funikeni tochi kwa karatasi nyekundu.

*Tumetengeneza darubini kwa lenzi za maabara, ya sm 20 na ya sm 10. Mwezi haukui, na una rangi pembeni. Tufanyeje?* (Mlezi wa klabu ya sayansi, Nakuru)

Ukuzaji ni fokasi (umbali kutoka lenzi hadi taswira kali ya kitu cha mbali) ya lenzi ya mbele kugawanywa kwa fokasi ya lenzi ya jicho. 20 kwa 10 ni mara 2 tu. Nendeni duka la miwani muombe lenzi ya nguvu +1, ya kuona umbali mmoja, isiyo ya astigmatizimu (kasoro ya jicho lisilopinda sawasawa), ikatwe duara la sm 5. Fokasi yake ni mita moja. Ithibitisheni: elekezeni kwenye mti wa mbali na mpime umbali wa karatasi ambapo taswira inakuwa kali. Kwa jicho tumieni lenzi ya sm 5. Sasa mna mara 20, kama darubini ambayo Galileo aliona nayo miezi minne ya Jupita Januari 1610.

Bomba la maji la inchi 2 litatosha, likiwa na kipande cha kuteleza ndani yake. Lenzi zikae mbali kwa sm 105, sehemu iliyobinuka ya lenzi kubwa ikitazama nje. Ndani pakwe rangi nyeusi isiyong'aa, la sivyo mwanga wa ukuta wa bomba utafifisha taswira. Ile rangi ya pembeni hutokana na lenzi moja kupinda bluu zaidi ya nyekundu. Haiishi, ila hupungua mkifunika lenzi ya mbele kwa kadi nyeusi yenye tundu la mm 25. Wengi hukataa kuifunika wakidhani wanapoteza mwanga. Wanapoteza, lakini wanapata ukali, na Mwezi una mwanga wa kumwaga.

Kosa kubwa huwa ni kuishika kwa mkono: mtikisiko nao hukuzwa mara 20. Ifungeni kwenye nguzo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Usiku wa Nakuru una baridi na lenzi itashika umande. Refusheni bomba sm 15 mbele ya lenzi, na ikilowa iacheni ikauke, msiifute. Tazameni Mwezi ukiwa nusu, si mpevu, kwa kuwa vivuli vya kreta huonekana kwenye mpaka wa giza. Jupita mchoreni kila usiku, nukta kwa nukta. Kati ya miezi yake minne, Io hulizunguka kwa saa 42 hivi, Kalisto kwa siku karibu 17.

*Somo hili lina kazi hapa Kenya?* (Mwanafunzi, Siaya)

Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha shahada ya astronomia na astrofizikia. Shikilia Fizikia na Hisabati. Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa Aprili 2023.

*Watoto wamesikia habari za kupatwa kwa jua, wanakusanya filamu za eksirei za hospitali. Je, ni salama?* (Mzazi, Bungoma)

Hapana. Filamu hizo, kioo cha moshi na miwani ya jua hupunguza mng'ao lakini hupitisha miali isiyoonekana. Retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, haina maumivu. Mtoto hugundua ameungua saa kadhaa baadaye. Kulitazama jua kwenye beseni la maji pia hakufai. Kinachofaa ni miwani yenye alama ISO 12312-2 isiyo na mkwaruzo, au kioo cha welda namba 14. Darubini ya Nakuru tuliyoieleza isielekezwe kwenye jua kamwe.

Kwa darasa zima, funikeni kioo kidogo cha kujitazamia kwa karatasi yenye tundu la mm 5. Kiwekeni dirishani kiakisi jua hadi ukuta wa chumba chenye giza, mita 10 kutoka hapo. Mtapata taswira ya jua yenye upana wa karibu sm 9, na kila mtoto ataiona akiwa ameligeuzia jua mgongo. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kule Luxor, Misri. Kenya italiona likimegwa sehemu tu, mchana. Jaribuni kioo mapema siku ya kawaida, kwani jua husogea na kioo lazima kirekebishwe kila baada ya dakika moja au mbili.