Usipande Pikipiki Ukiwa na Aibu: Nilivyokula Mitaani Saigon Mara Mbili

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja wa Tanga. "Shikamoo dada. Mwezi ujao nakwenda Vietnam kikazi, nitakaa Ho Chi Minh siku nne. Nimeona zile ziara za jioni, wanakuzungusha kwa pikipiki mnakula vyakula vya mitaani. Mimi ni Muislamu. Nitakula nini huko? Na pikipiki zenyewe vipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwa ujumbe wa sauti, nikafika dakika ya sita bado sijatoka hotelini, nikaona bora niandike. Swali lako si la kwanza, na najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyohiyo: kufika mbali na kula wanachokula wenyeji, badala ya kukaa hotelini na sahani ya chipsi.

Ziara hiyo nimefanya mara mbili. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe, na nikiikumbuka masikio yananipata moto. Ya pili ilikuwa jioni ambayo nikiisimulia nyumbani hawanimalizi kwa maswali. Nitaanza na ile ya aibu.

Kilichonipeleka ni korosho. Watu wa Mtwara na Lindi wanajua kwamba korosho ghafi yetu nyingi inapakiwa melini kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko. Basi nikatumwa kufuatilia mzigo. Viza, ndege na vikao naviruka, havina ladha.

Usiku wa kwanza nilitoka peke yangu, na nilichojifunza ni kimoja tu. Noti ya dong 20,000, hela ya huko, ni ya bluu. Noti ya dong 500,000 nayo ni ya bluu. Nililipa nauli ya pikipiki gizani, dereva akaondoka, nikahesabu pochi chini ya taa. Nilikuwa nimelipa mara ishirini na tano. Simlaumu, huenda naye hakuiona. Siku hizi natenga noti za laki tano mfuko wa ndani kabisa.

Kesho yake nikasema sasa niongozwe. Nikaingia kwenye simu, nikajaza fomu ya ziara huku naongea na ofisi ya Mtwara sikio la pili. Kulikuwa na kisanduku: kuna chakula usichokula? Nikaandika "Hakuna". Yaani mimi, mtoto wa madrasa, binti wa maalimu, kwenye nchi ambayo nguruwe yumo hadi ndani ya supu, nikaandika hakuna! Nilitaka fomu iishe.

Saa kumi na moja na nusu jioni akaja kunichukua binti wa chuo, mwembamba, helmeti mbili mkononi. Helmeti huko si hiari, ni sheria tangu Desemba 2007. Alinieleza kwamba bodaboda wao wanaiita xe ôm, maana yake chombo cha kukumbatia, kwa sababu abiria humkumbatia dereva. Nikacheka. Mimi nimekulia Mbagala. Bodaboda nimepanda na ndoo ya samaki, nimepanda na mtoto mgongoni, siku moja nimepanda na godoro. Nikamwambia usinifundishe kupanda pikipiki.

Nikapanda kwa upande wa kulia, shavu la mguu likalalia ekzosi.

Kovu lipo hadi leo, umbo la kitumbua. Panda upande wa kushoto, mdogo wangu, na vaa suruali ndefu. Na usijisifu kabla hujakaa.

Barabara zenyewe sijui nikuelezeje. Saa hiyo Saigon nzima ipo juu ya pikipiki. (Jina la serikali ni Ho Chi Minh tangu 1976, lakini mdomoni watu wanasema Saigon.) Baba, mama na watoto wawili kwenye kiti kimoja, mtu kabeba friji, mwingine kabeba miti ya maua inayomzidi urefu. Kwenye makutano wote wanaingia kwa pamoja na hakuna anayegongwa, kwa sababu hakuna anayekwenda kasi na hakuna anayesimama ghafla. Ukivuka kwa miguu ni vivyo hivyo: tembea polepole mwendo mmoja, usirudi nyuma, usikimbie, wao watakukwepa. Anayeumia ni yule anayesitasita.

Tulikuwa kundi la watu wanne, kila mmoja na dereva wake. Tukapita soko la maua la Hồ Thị Kỷ, uchochoro mwembamba, huku mafungu ya waridi, kule moshi wa mishkaki. Kituo cha kwanza cha kula kilikuwa bún bò Huế, supu ya tambi nene kutoka mji wa Huế, ina mchaichai na pilipili. "Bò" ni ng'ombe, nikafurahi. Bakuli likaja. Juu yake kuna kongoro la nguruwe, na pembeni kipande cheusi kama ini. Ilikuwa damu iliyogandishwa.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Badala yake nikapunga mkono na kumwambia mama muuza supu, "No, no." Akanitazama, akaangua kicheko, akawaita na wenzake. Yule binti dereva wangu akanitafsiria huku anajizuia: kwa Kivietnamu "no" maana yake kushiba. Nimekaa kwenye kistuli cha plastiki, sijagusa hata kijiko, natangaza kwamba nimeshiba, nimeshiba! Kundi zima likacheka. Nikacheka nao, tumbo linanguruma.

Kituo cha pili, bánh xèo. Hiki ni chakula ambacho mtu wa pwani angekijua kwa harufu tu: unga wa mchele, tui la nazi na manjano, unamiminwa kwenye kikaango cha moto hadi ulie "shiii", na ndiyo maana ya jina lake. Mfikirie kibibi aliyekwenda ng'ambo akarudi mkubwa na mkavu. Ndani wanatia choroko, kamba, na vipande vya nguruwe. Unakata, unafunga kwenye jani la haradali pamoja na majani mengine ya kunukia, unachovya. Nikaanza kuchambua kamba mmoja mmoja kwa vijiti, mimi ambaye vijiti siviwezi, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Kijana mmoja wa kundi letu akauliza, "Unaogopa chakula?" Nikasema sina njaa.

Tukaenda Vĩnh Khánh, mtaa wa konokono na kome, Quận 4, yaani wilaya ya nne. (Wilaya hizo zilifutwa rasmi Julai 2025, lakini ukimtajia dereva Quận 4 anakufikisha.) Meza hadi barabarani, makaa, kelele za watu kugonganisha glasi. Kulikuwa na chaza wa kuchoma wenye karanga na majani ya vitunguu, kulikuwa na konokono wa baharini waliopikwa kwa ukwaju. Ukwaju! Nikapata nguvu, nikala chaza wawili. Baadaye nikaja kujua yale mafuta ya vitunguu yanayong'aa juu, mỡ hành, mara nyingine huwa ni mafuta ya nguruwe. Kuhusu konokono kuliwa au kutoliwa mimi si mufti, muulize sheikh wako kabla hujapanda ndege.

Mwisho likaja lile yai la bata lenye kifaranga ndani, hột vịt lộn, na chumvi, pilipili manga na ndimu. Kila mtu akanigeukia. Nikasema nimeshiba. Yule kijana akacheka kwa pua.

Binti akanirudisha hotelini. Alipovua helmeti akasema taratibu, "Dada hukupenda chakula chetu." Hakuwa anauliza. Maumivu ya mguu yaliisha kwa siku tano, ya sentensi hiyo bado. Sisi tuliolelewa kwamba mgeni akikataa sahani yako amekukataa wewe, tunajua alichokisikia. Usiku ule nilikula kashata nilizobeba kutoka nyumbani, nimekaa kitandani na kitambaa cha maji baridi mguuni.

Niliporudi safari ya pili, nilimtafuta yuleyule. Nikamwandikia kila kitu: sili nguruwe wala mafuta yake, sinywi pombe, nyama nisiyojua aliyechinja siigusi, samaki na mayai nakula, na ile siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, haikuwa dharau. Akajibu upesi, maneno mengi na vikatuni vya kulia. Kisha akasema njoo tarehe fulani, ni rằm.

Rằm ni usiku wa kumi na tano wa mwezi mwandamo. Siku hiyo, na siku ya mwezi mosi, Wabudha wengi wa huko hawali nyama. Chakula chao cha siku hiyo kinaitwa chay, na vibanda vinatundika neno hilo nje. Sisi tuna ayyamul bidh, tunafunga siku za mwezi mpevu, na wao mwezi huohuo wanaacha nyama. Nilimweleza hivyo tukiwa kwenye taa nyekundu, akageuka kunitazama mpaka wa nyuma wakatupigia honi.

Jioni hiyo nilikula bánh xèo chay, uyoga na choroko, nikafunga majani yangu mwenyewe hadi vidole vikawa vya manjano. Nikala mkate wao, bánh mì, kwa mayai ya kukaanga, baada ya yeye kumwambia muuzaji asipake pâté, kwa kuwa ile kwa kawaida ni ini la nguruwe. Nikala chaza wa kuchoma bila yale mafuta ya juu. Nikanywa maji ya miwa. Nikala chè, maharage na tui la nazi na barafu, ambayo ukiniletea Ramadhani nitakuuliza futari hii kapika nani. Na nước mắm, ule mchuzi wa samaki ambao wageni wanaukunjia pua, ni dagaa na chumvi, umekaa kwenye pipa miezi na miezi. Mtu aliyekulia karibu na soko la samaki atakunja pua ya nini?

Sasa nisikilizeni, maana hili si la Vietnam peke yake. Sisi tunaumwa aibu. Daktari akituuliza tunaumwa wapi tunasema "kidogo tu". Mwajiri akiuliza mshahara tunasema "utakachoona". Tukialikwa tunasema tumekula, halafu tunarudi nyumbani tunapekua sufuria. Tunaita adabu. Mara nyingine ni adabu kweli. Mara nyingine ni uvivu wa kujieleza, na mwenyeji ndiye anayebebeshwa lawama. Yule binti alilala akidhani chakula cha kwao kimenichefua, na mimi ndiye niliyeandika "Hakuna". Sema! Sema kabla hujapanda, si bakuli likiwa mezani.

Haya, maswali yako. Sentensi ya kukuokoa ni "không thịt heo", hakuna nyama ya nguruwe. Mafuta yake ni "mỡ heo". Usiyatamke, utaniumbua: lugha yao inapanda na kushuka, neno moja linaweza kuwa na maana hadi sita. Yaandike kwenye simu, waonyeshe. Ukitaka nyama ya halali, nenda eneo la msikiti wa mtaa wa Đông Du, katikati ya mji, au mtaa wa Nguyễn An Ninh karibu na soko la Bến Thành. Kuna Waislamu wa kabila la Cham na wengine wenye asili ya Malaysia na India, na kuna phở, supu yao ya tambi, ya ng'ombe utakayokula bila kuuliza mara mbili.

Pikipiki usiiogope. Muulize dereva kama anakunywa. Atakushangaa, sheria yao tangu Januari 2020 hairuhusu hata tone kwa mwendeshaji. Simu usiishike mkononi ukiwa barabarani, wapo wakwapuaji, kama Kariakoo tu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ya jioni inakuja bila hodi. Watakupa koti la mvua la watu wawili, utajificha nyuma ya dereva kama kifaranga. Viatu vya kufunika vidole. Suruali ndefu nimeshasema. Kisanduku cha chakula kwenye fomu nimeshasema, narudia.

Jambo la mwisho, jifunze kuita watu. Wao kama sisi, hakuna kumwita mtu kwa jina kavu. Aliyekuzidi kidogo ni "chị", dada mkubwa. Mama wa makamo ni "cô", shangazi. Ukisema "cô ơi" kwa muuza supu, uso wake unafunguka kama wa mama ntilie uliyemwamkia vizuri.

Ile jioni ya pili tulimalizia kwenye kibanda cha kahawa, vistuli vyetu vimeelekea barabarani. Pembeni kulikuwa na bibi anauza korosho za chumvi zenye maganda yao mekundu. Nikamwambia binti huenda hizo zimepita mikononi mwangu Mtwara. Hakuamini. Nikamwonyesha picha za ghala, akamwita yule bibi, bibi akavaa miwani, akatazama picha ya magunia muda mrefu, akaongeza konzi nzima kwenye mfuko wangu na kukataa hela. Binti akanisogezea chè ya tatu.

"Chị no chưa?" Dada umeshiba?

"No," nikasema. Na safari hii hakuna aliyecheka.